Kiatu cha Kurudi Nyuma

Enzi zetu kiatu hakikununuliwa kwa macho. Kilinunuliwa kwa kidole, kwa pua na kwa mgongo, na huo mgongo nitaueleza. Siku hizi mtu anaona picha kwenye simu, anatuma hela, kesho bodaboda anamletea kiatu ambacho hajawahi kukishika, na kikimbana anasema kitalegea. Nawaandikia nyinyi mliokuwa watoto pamoja na sisi, hapa Musoma na kule Bunda, kwa sababu vijana nikiwaambia haya wananicheka. Na naandika nikiwa na hasira, nisiwafiche. Mama yangu tumemzika Butiama kabla ya mvua hizi kuanza, na hasira yenyewe ni ya kiatu.

Baba na Mama walikuwa watu wa dansi. Sisemi dansi hii ya kurukaruka kila mtu kivyake kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Nasema ile ya wawili wawili, mwanamume kashika mkono wa mkewe na mkono mwingine uko mgongoni, wanazunguka ukumbi mzima polepole bila kumgusa mtu. Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Mama aliuza samaki, ningu na furu wa kukausha. Siku sita nyumba yetu ya Makoko ilinuka mafuta ya injini na samaki. Jumamosi ilinuka sabuni, pasi ya mkaa na poda, na sisi watoto tulijua kwamba jioni wazazi wetu watakuwa watu wengine.

Asubuhi ya Jumamosi kazi ya watoto ilikuwa kung'arisha sakafu ya ukumbi wa dansi. Mnakumbuka ile saruji nyekundu? Tulikwangua mishumaa kwa kisu, tukamwaga unga wake sakafuni, kisha mmoja anakaa juu ya gunia na wawili wanamburuta mbio kutoka ukuta huu mpaka ule. Makalio yetu ndiyo yaliyoing'arisha sakafu ile. Ikiteleza sawasawa, mlinzi wa ukumbi alitupa mihogo ya kuchemsha, tunakula tumekaa mlangoni, nguo zimejaa nta. Mtoto wa leo ukimwambia aburutwe juu ya gunia ataomba kwanza kofia ya pikipiki.

Sakafu kama ile haikutaka kiatu cha hovyo. Soli ya mpira inashika, unaanguka. Ngozi inateleza, lakini iteleze kwa kiasi. Kwa hiyo Mama alipotaka viatu vya dansi tulipanda basi mpaka mnadani Bunda, kwenye marundo ya mitumba. Nilikuwa darasa la tatu. Mama aliinama akaokota kiatu, akabisha soli kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepiga hodi. Ngozi inajibu, mpira unanyamaza. Kikijibu alikinusa. Akakikunja. Kikikunjika vidoleni kinafaa, kikikunjika katikati anakitupa. Muuzaji alianza kuchoka.

"Mama, unanunua kiatu au unaposa?"

Mama alivaa pea moja ya rangi ya chai ya rangi, yenye gidamu na kisigino kifupi, akasimama juu ya turubai. Baba akasimama mbele yake, akamshika mikono. Halafu Mama akaanza kutembea kinyumenyume katikati ya marundo, mgongo mbele, uso kwa Baba, na soko zima likageuka kutazama.

"Mama, mbele ni huku!" muuzaji akapiga kelele. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Mama akasema, bila kusimama, "Mbele nitaenda hata peku, mwanangu. Kurudi nyuma ndiko kunataka kiatu."

Ndiyo dansi ilivyo. Mwanamume anakwenda mbele, mwanamke anarudi nyuma. Kisigino kikichomoka anaanguka chali, na haoni anakokwenda. Anayeona ni mwenzake. Siku ile Baba alikuwa anamwambia kwa sauti ndogo, "Rundo kushoto. Sawa. Kuna mbuzi." Na Mama alimkwepa mbuzi ambaye hakumwona, kwa kuzunguka nusu, kama vile sakafu ya Bunda imepakwa nta. Kicheko kilikatika. Mpaka leo, nikisikia watu wanasema habari za mapenzi, mimi naona mbuzi yule.

Viatu vile havikukanyaga udongo tena. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Vilikwenda ukumbini ndani ya kifuko cha kitenge, vikavaliwa mlangoni, vikavuliwa mlangoni, vikafutwa kwa kitambaa kikavu. Mama alirudi nyumbani na kandambili, kavishika viatu mkononi kama mtu aliyebeba mayai.

Baba alikufa nikiwa darasa la sita. Homa ya siku chache tu. Matanga hayajaisha, shangazi yangu, dada yake Baba, alimwambia Mama mbele ya watu, "Sasa na ule ukumbi uishe. Mjane anachezaga na nani?" Mama akaitikia, "Sawa, wifi." Hakukanyaga ukumbini tena maisha yake yote. Ile "sawa" bado inaniuma. Kwa nini aseme sawa? Nani alimuuliza shangazi?

Lakini Jumamosi alasiri Mama alifunga mlango, akasukuma meza ukutani, akawasha redio. Ikipatikana rumba au muziki wowote wa polepole, alitoa viatu kwenye kifuko. "Nyasinde, njoo usimame hapa. Leo wewe ni Baba yako." Nilikuwa mrefu kuliko umri wangu. Nilimshika mkono na mgongo. Nilipoangalia chini alinipiga kidogo begani. "Usiangalie miguu. Miguu ni kazi yangu. Wewe angalia ninakokwenda." Basi nikawa namwangalizia. Kiti. Ndoo. Magesa.

Magesa ni mdogo wangu, wakati huo hata shule hajaanza. Alikaa kwenye kigoda katikati ya njia kwa makusudi, ili tumzunguke, na alipiga makofi nje ya mdundo. Alifurahi sana siku zile. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu yeye sasa anasema hakumbuki.

Kilichomharibu ni shule. Kuna mtoto alichungulia dirishani kwetu, na kesho yake darasa zima linaimba, "Mama yenu anachezaga na ukuta!" Magesa alipigana, akapigwa, akarudi kamasi zimechanganyika na damu. Toka hapo redio ikiwashwa Jumamosi, yeye anatoka nje. Namwelewa. Mtoto akichekwa kwa ajili ya mama yake, ni kidonda. Lakini kidonda cha mtoto hakimpi mtu mzima ruhusa ya kufanya alichofanya.

Mama alizeeka. Magoti yakakataa dansi, lakini viatu aliendelea kuvifuta. Siku moja ya Pasaka, tumekula sote pale Makoko, alituambia wote wawili, "Nikifa mnivalishe vile viatu. Nikikuta mmenivalisha kandambili nitawarudia." Tukacheka. Magesa akasema, "Sawa, Mama." Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Alipofariki tuligawana kazi. Mimi nilitangulia Butiama kupokea watu na kupika. Magesa, kwa kuwa ndiye mwanamume, alibaki Musoma kumtoa hospitali na kununua jeneza. Jeneza lilipofika nilikuwa nimekaa na kifuko cha kitenge mapajani. Lilifunguliwa upande wa kichwa tu, watu waage. Niliomba wafungue na upande wa miguu.

Mama yangu alikuwa amevalishwa viatu vyeupe, vinang'aa kama keki. Nilibisha soli kwa kidole. Haikujibu. Kidole kilibonyea ndani.

"Magesa, hiki ni nini?"

"Viatu, dada."

"Hili ni boksi."

"Ndivyo vinavyokujaga na jeneza. Watu wote wanazikwa navyo."

"Mama alisema nini siku ya Pasaka?"

Aliangalia watu kwanza, kisha akanisogelea. "Dada, Mama alikuwa mzee wa jumuiya. Hawa wote wanamjua kwa rozari yake. Leo umvalishe viatu vya dansi waanze tena? Mimi nilitolewa damu kwa hivyo viatu." Nilipoendelea kumtazama akasema lile neno ambalo sijalimeza mpaka leo. "Na anakwenda wapi mpaka umchagulie kiatu? Hatembei."

Nilichomjibu sikumbuki. Walioko pale wanasema nilikisema kwa kilugha, kwa sauti, na kwamba padri ambaye si mtu wa huku aliuliza tafsiri na hakuna aliyempa. Ninachokumbuka ni shangazi. Yule yule. Sasa ni bibi kizee, haoni vizuri, anatembelea fimbo. Aligonga fimbo chini. "Mwacheni Nyasinde amvalishe mama yake. Mimi ndiye niliyemkataza, na aliniitikia sawa. Hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Mwacheni."

Nikapiga magoti, nikavua yale maboksi, nikatoa viatu vya rangi ya chai. Soli zake zilikuwa safi. Nikajaribu mguu wa kulia.

Haukuingia.

Miguu ya Mama ilikuwa imevimba kwa ugonjwa, imejaa kama mkate uliolala na hamira. Nilifungua gidamu mpaka mwisho. Nilisukuma kisigino taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka nikaona namuumiza, ingawa haumii. Nikajaribu wa kushoto. Magesa alichuchumaa karibu yangu. Hakunicheka. Alisema chinichini, "Ndiyo hivyo, dada. Hata hivi vyeupe walivichana nyuma ndipo vikaingia." Nikageuza lile boksi. Kweli, lilikuwa limepasuliwa kwa wembe.

Mngedhani hasira ingeisha hapo. Iliongezeka. Mwanzo nilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Sasa nimkasirikie nani, miguu?

Nikavirudisha viatu kwenye kifuko. Vile vyeupe nikampa Magesa mkononi.

"Sasa atavaa nini?" akauliza.

"Peku."

"Peku, dada? Mbele ya watu?"

"Mbele ataenda hata peku."

Alilijua neno lile. Kila mtu wa nyumba yetu alilijua, Mama alilisema mpaka kwenye kuchota maji. Magesa alifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta shuka ikafunika miguu, na kifuniko akakifunga mwenyewe. Tangu siku ile tunasalimiana tu. Nilimsamehe lile boksi. Ile "hatembei" sijaisamehe, na sitadanganya kwamba nimeisamehe kwa sababu eti msiba umekwisha.

Wakati wa matanga binti wa Magesa, Anjela, aliviona viatu. "Shangazi, vya kizamani ndiyo fasheni sasa, nivae nipige picha!" Alivivaa, akatembea hatua chache mpaka kwenye kioo, akajipiga picha miguu tu. Nikamwambia, "Haya, rudi nyuma." Akaniangalia. "Kwa nini nirudi nyuma, shangazi?" Akavivua, akasema vinabana, akavaa raba zake nene kama matofali. Simlaumu. Hajawahi kushikwa mgongo na mtu anayemwangalizia njia. Kwenye harusi zao wanaruka kila mmoja na simu yake, na aliye karibu yake hata akianguka atarekodiwa kwanza.

Ule ukumbi wetu sasa umekuwa stoo ya saruji. Nimepita juzi, nikachungulia. Ile sakafu nyekundu tuliyoing'arisha kwa makalio imefunikwa na mifuko mpaka juu. Mlangoni kuna kijana anauza viatu vipya vya plastiki. Nilibisha kimoja kwa kidole, kikanyamaza. Akaniuliza kama nataka kununua au napiga hodi.

Viatu vya Mama vinanitosha. Jumamosi alasiri nafunga mlango, nasukuma meza, nawasha redio. Zamani nilikuwa upande wa Baba, nikitazama mbele. Sasa nimechukua upande wa Mama, mgongo mbele, mikono nimeinyoosha na hakuna aliyeishika. Viatu ni vizuri, kisigino hakichomoki, Mama alijua kuchagua. Lakini enzi zetu mtu akirudi nyuma alikuwa na mwenzake wa kumwambia kuna mbuzi. Wiki iliyopita nimejigonga kwenye kabati mpaka sahani zikalia, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kuniambia kabati hilo.