Kijiti cha Mchai kwenye Kitufe cha Kijani

Stata ya kwanza ya kisiagi chetu cha kusaga mahindi iliungua kwa heshima zake, baada ya kufanya kazi miaka mingi bila mtu hata mmoja kuipangusa unga. Ya pili ilichaguliwa kitaalamu. Fundi wa stima ni mpwa wa baba mkwe, na kwa sababu hiyo hakosei. Alienda Kericho na kipande cha kadibodi alichokitoboa kufuata matundu ya skrubu yaliyobaki ukutani. Stata iliyolingana na matundu ndiyo iliyonunuliwa. Nguvu za mota hakuna aliyeziulizia ila mimi, na mimi niliambiwa nikaweke chai motoni.

Stata, kwa asiyeijua, ni lile boksi la ukutani lenye kitufe cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Unabonyeza kijani, mota inanguruma, unatoa kidole, kazi inaendelea. Yetu ilikuwa na maringo. Ukitoa kidole, inazima. Fundi alijikuna kichwa, akasema, "Hizi modeli za siku hizi ni za kushikilia."

"Nishikilie mpaka lini, shemeji? Si unaona foleni imefika barabarani?"

Baba mkwe ndiye aliyetuokoa. Alitoka, akaingia kwenye majani chai tuliyokuwa tumepogoa wiki hiyo, akarudi na kijiti. Mchai ni mti mgumu, msiudharau kwa sababu mnaunywa. Akakichonga kwa kisu, akakikandamiza juu ya kitufe cha kijani, akakifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli kuzunguka boksi zima. Mashine ikaimba.

"Mzungu alitengeneza," alisema, "Mkipsigis amemalizia." Fundi alipiga makofi.

Tangu hapo kitufe chekundu kikawa pambo. Ukikibonyeza inazima, ukikiachilia inawaka tena, kwa sababu kijiti bado kinasisitiza. Ili kuzima kabisa ilibidi uende kwenye swichi kubwa karibu na mlango. Tena kulikuwa na ovalodi, kile kidude ndani ya stata kinachozima mota ikibebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Watu wakileta mahindi mabichi, kilikuwa kinazima, kama kinavyotakiwa. Fundi aliyasikiliza malalamiko yake, kisha akazungusha namba yake mpaka mwisho kabisa. Kilinyamaza. Huko ndiko kukarabati.

Sasa, huku Boito mvua inakuja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Ikija, stima inapotea. Ikirudi, na kama mtu alisahau swichi ya mlangoni, mashine inawaka yenyewe, haipigi hodi. Mimi nilikuwa nasagia watu na binti yangu mgongoni au kwenye magunia pembeni, maana baba yake yuko kazini Nakuru na sina wa kumwachia. Alikuwa ndiyo anaanza kutambaa. Na kitu alichokipenda duniani, baada ya titi, ni ule mkanda mrefu wa mota. Ukisimama tu, anaenda kuupiga makofi.

Kwa boma hili mke wa kijana hamkemei baba mkwe. Kwa hiyo nilikuwa namwambia mtoto, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini: "Mama, mwambie kugo kile kijiti kitatumaliza." Kugo ni babu. Kugo naye alikuwa anamjibu mtoto: "Mwambie mama yako kijiti hakijaua mtu."

Siku moja mvua ilikuja na mawe. Stima ikapotea. Nilikimbia kuanua nguo, nikamwachia baba mkwe mlango na swichi yake. Niliporudi, swichi iko vilevile, yeye yuko kwenye stuli anaongea na wateja habari za bonasi ya majani chai. Binti yangu ameburuta leso yake mpaka kwenye mkanda, ameketi anaupapasa. Amejikojolea. Nilimwinua nimbadilishe, leso ikabaki juu ya mkanda. Basi, ni hivyo tu. Hakukuwa na akili yangu yoyote hapo, ni mkojo.

Stima ikarudi. Leso ikaenda mara moja, ikazunguka, ikapasuka, mota ikalia, harufu ya kuungua ikajaa. Ovalodi haikusema kitu. Ilikuwa imeshafundishwa kunyamaza.

Nilizima swichi mlangoni. Baba mkwe akasema, "Leso si kitu, tutapata nyingine."

Nilikata mpira, nikachomoa kijiti, nikaenda nacho jikoni nikakitia motoni. Kiliwaka vizuri sana. Nikarudi, nikang'oa vipande vya leso kwenye mkanda, nikawasha swichi, nikamshika mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama, mwambie kugo watu wanangoja unga. Mwambie kitufe kinataka kidole, na vyangu leo vimekubeba wewe."

Akina mama wa foleni waliangalia chini, halafu wakaangalia juu, kwa furaha. Mzee alisimama, akabonyeza. Mashine ikaimba.

"Mzee, usitoe!"

"Leo tunasagiwa na mwenyewe!"

Kisha pua ikamwasha. Alijikuna, mashine ikafa na gorogoro ya mtu, kopo zima la mahindi, ikiwa katikati.

"Aah, mzee! Jikune na mkono ule mwingine!"

Fundi aliitwa kabla kidole hakijapoa. Alinikuta nimezima stima mlangoni na nimefungua kifuniko. Ndani ya kifuniko kuna mchoro, umebandikwa hapo tangu dukani, hata mtu wa fomu foo anausoma. Unaonyesha waya mmoja mwembamba kutoka kitufe cha kijani, ambao kazi yake ni kuishikilia mota ukishatoa kidole. Kwetu palikuwa na skrubu zinang'aa, hazijawahi kuguswa.

"Shemeji, waya wa hapa uko likizo?"

"Huo si wa lazima sana," alisema, huku akiufunga. Ulikuwa mfupi kuliko kidole changu. Nikafuta unga kwenye kibati cha mota, kile chenye namba za uwezo wake, kwa kipande cha leso, nikamsomea namba, akairudisha ovalodi kwenye namba hiyo. Hakuuliza chai.

Mvua iliyofuata, stima ilipotea ikarudi. Redio ya jirani ikaanza kelele. Mashine ikakaa kimya.

"Imeharibika tena?" mteja akauliza.

"Haijaharibika," baba mkwe akamjibu. "Inangoja kuambiwa. Mimi kile kijiti nilikishuku tangu mwanzo."

Nilikuwa na la kusema, kubwa. Lakini binti yangu alikuwa ameshafika kwenye mkanda, anaupiga makofi. Nikamtoa.

"Mama, mwambie kugo huu mkanda bado hauna kifuniko."

Mzee akamwambia mtoto, "Mwulize mama yako anataka cha mbao au cha bati."

"Bati," nikamwambia mtoto.