Kibuyu cha Posa Nilichokinywa Muleba

Msinicheke kabla sijamaliza. Najua wengine mmeshausikia mkasa huu kwa watu wasiokuwapo, wakauongezea chumvi hadi nikawa nimekunywa pipa zima, kumbe kilikuwa kibuyu kimoja tu. Aibu yangu haihitaji chumvi.

Mimi ni Mrabai, mtoto wa mgema. Wakati ule wa Mwingereza kanisa letu lilinitoa pwani ya Kenya likanipeleka Bukoba kusomea ualimu, nikapanda treni mpaka Kisumu kisha meli, nikavuka ziwa huku nikitapika njia nzima. Nilipofika nikakuta nchi yote ni migomba, na katika ndizi hizo watu wanatengeneza pombe, rubisi! Nikamwambia rafiki yangu Rwegasira, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja, kwamba mimi nikionja tembo naweza kukutajia mnazi uliogemwa (uongo, baba ndiye aliyeweza, mimi nilikuwa nabahatisha). Rwegasira akaniamini, akanisifu mbele ya darasa zima, nami kichwa kikavimba. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Likizo ya Pasaka akanialika kwao Muleba. Jamani, nilifurahi! Usiku sikulala. Nikanunua daftari jipya, nikalichora mistari: jina la mtengenezaji, rangi, harufu, utamu, alama juu ya kumi. Ualimu ulikuwa umeshaniingia, nikaona hata pombe nayo lazima ifanye mtihani.

Tulidandia lori la kahawa, tukashuka Kanazi kwa shangazi yake, nikaona kwa macho yangu wanaume wakikanyaga ndizi mbivu ndani ya mtumbwi wa mti, wanaimba, juisi inawafika vifundoni, kisha wanatia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika kwa majani ya mgomba. Nikaonja ya jana yake. Nikaandika: sita. Nyumba ya pili: saba. Ya tatu mwenyewe alikuwa ananikazia macho, nikaandika nane. Moyo unadunda kwa raha, mdomo mtamu, najiona bwana mkaguzi!

Tulifika Muleba kesho yake adhuhuri. Mama yake Rwegasira akatupokea kwa furaha, akatupa buni za kutafuna kama ilivyo desturi yao kwa mgeni, akaenda shambani kuchimba viazi. Baba alikuwa ametoka. Rwegasira akaenda mtoni kuoga. Nikabaki peke yangu sebuleni, mimi na daftari langu, na kibuyu kikubwa kilichowekwa karibu na nguzo juu ya majani mabichi, shingoni kimezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa vizuri, na mrija wa tete umelazwa pembeni.

Sasa niambieni, mngedhani ni cha nani? Kwetu mgeni akikuta tembo limewekwa safi hivyo, ni lake, na asipoonja mwenyeji hununa. Nikasema nitavuta kidogo tu, niandike alama. Nikang'oa jani. Nikavuta. Lahaula! Ile haikuwa pombe ya sita wala ya nane. Nikavuta tena ili nihakikishe (mwalimu hasahihishi mara moja), nikavuta na ya tatu kwa ajili ya rangi, na huko mbele sikumbuki nilikuwa navuta kwa ajili ya nini. Kibuyu kikawa chepesi.

"Tisa!" nikapaza sauti peke yangu. "Hii naipa tisa!"

Akaingia Koku, dada yake Rwegasira, na mtungi kichwani. Aliona jani mkononi mwangu, akautua mtungi chini polepole, akashika kichwa.

"Mawe!" akamlilia mama yake kwa Kihaya. "Kaka, umefungua?"

"Nimeonja tu, dada."

"Hicho ni cha posa! Ni cha yule mzee wa wake wawili! Tata amekataa, leo kinarudishwa kikiwa na jani lake. Kikinyweka nyumbani kwetu, maana yake nimeshaolewa!"

Alikuwa na nafasi ya kwenda kusomea uuguzi mwezi uliofuata, na huyo Tata, yaani baba yake, alikuwa amekubali baada ya kuombwa mwaka mzima. Pombe yote ilinitoka kichwani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kabla sijasema pole, baba akaingia, nyuma yake mshenga na wazee wanne waliokuja kuchukua jibu. Mshenga akakiinua kibuyu, akakitikisa, akatabasamu mpaka masikio yakasogea.

"Waitu, wenzetu, tunashukuru. Tumepata binti."

Baba akageuka rangi. Alimtazama Koku, Koku akanitazama mimi. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeniona ila yeye, lakini macho yale sikuyaweza. Nikasimama, nikiyumba kidogo, daftari kwapani.

"Wazee wangu, ni mimi. Si mtoto wa nyumba hii. Nimetoka ng'ambo ya ziwa, nimekunywa kwa ulafi wangu, na hakuna aliyenikaribisha."

Mshenga akasema taratibu, "Kwetu aliyekunywa ndiye aliyekubali. Basi mfungeni kanga, tuondoke naye."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba peke yake hakucheka. Akaamua nikibebe kibuyu kichwani mwenyewe mpaka kwa mposaji, nikiri mbele ya watu wake. Nikaenda, kijiji kizima nyuma yangu, wanawake wanapiga vigelegele, "Bibi harusi huyo!" Rwegasira, nywele bado zinachuruzika maji ya mto, alikuwa anacheka kuliko wote, msaliti.

Mzee mposaji alikuwa kibarazani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, akaigusa mikono yangu laini ya mwanafunzi.

"Niliomba mke, wameniletea mlevi asiyejua hata jembe," akasema. "Huyu simtaki. Mrudisheni, na posa yangu imekwisha."

Jioni ile Koku aliniwekea sahani kubwa ya ndizi na samaki kuliko ya kaka yake, na mwezi uliofuata aliondoka na sanduku lake la bati. Mimi tangu hapo, jamani, nikikaribishwa kwa watu, hata ikiwa ni chai, nauliza kwanza imeletwa na nani, na inaomba nini. Wengine huona nina kiburi. Waone tu, bora kiburi kuliko kuolewa.