Suruali Isiyobana

Kaka yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mikasi, hakuwahi kubanwa na suruali maishani mwake. Hilo lilichangia kumuua, na nitalisema hata kama wifi yangu anakasirika nikilisema.

Watu wengine wakinenepa, nguo zao huwaambia. Kifungo kinagoma, zipu inakwama, mtu anajitazama kwenye kioo na kuguna. Kaka alikuwa fundi cherehani. Kila suruali aliyojishonea aliiwekea kitambaa kingi cha akiba nyuma ya kiuno, na ilipoanza kumbana aliifumua wakati wa chai, akaitanua kidogo, akaivaa tena kabla chai haijapoa. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alijiganga, tena vibaya. Mimi nilikaa pembeni yake nikipiga vifungo na pasi, nikamwona akifanya hivyo mwaka nenda mwaka rudi.

"Kaka, mwisho utavaa turubai," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Kukohoa ndiko kulikokuwa kazi yake ya pili, maana sigara haikumtoka mdomoni ila alipokuwa akikata kitambaa cheupe. Aliketi tangu asubuhi hadi jioni, akiinuka tu kumpima mteja. Chakula aliletewa palepale: chipsi na nyama ya kukaanga, na kichupa cha chumvi alikiweka kwenye droo pamoja na sindano na bobini.

Baba yetu alianguka ghafla angali na nguvu zake. Kaka yetu mkubwa akafuata vilevile, naye kwa moyo. Mikasi alisema siku zao zilikuwa zimefika. Mimi niliogopa, nikamkokota hadi kliniki.

Daktari, binti mpole, alimweleza taratibu. Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha. Mafuta huganda ndani ya kuta zake, na sigara, presha na sukari huziharibu kuta hizo mpaka njia inakuwa nyembamba. Mtu aliyefiwa na baba na ndugu mapema hivyo yuko hatarini zaidi.

"Ukoo wako huwezi kuubadili, mzee wangu," alisema. "Sigara unaweza."

"Nimekuelewa, daktari. Kuanzia kesho, bila shaka."

Nikajua tumekwisha. Hiyo ndiyo sauti aliyowapa wateja wote ambao nguo zao hazijaguswa. Kesho ya fundi, nani asiyeijua? Vidonge vya presha alivimeza kichwa kilipomuuma. Kilipotulia akavirudisha kwenye droo, jirani na chumvi. "Siumwi, nimeze vya nini?" Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Msimu wa sare za shule ukafika. Asubuhi moja aliacha kushona, akashika kifua, jasho likimtoka. Alisema maumivu yanashuka mkono wa kushoto na kupanda mpaka kwenye taya.

"Twende hospitali. Sasa hivi!"

"Ni kuinama huku tu. Nipake dawa ya mgongo."

Nilifoka. Nilimficha mkasi. Nilimpigia simu wifi, akamlilia mumewe mpaka sauti ikamkauka. Yeye akasema amalizie sare kwanza, kesho atakwenda. Ningemfanya nini, nimbebe? Nilimpaka dawa mgongoni, nikarudi kwenye vifungo vyangu. Navichukia vifungo vile hadi leo.

Kesho yake aliangukia mashine. Mguu ulibaki kwenye pedali, mashine ikaendelea kushona bila kitambaa mpaka nilipochomoa waya ukutani. Tulimfikisha hospitali akiwa ameshakata roho.

Baada ya maziko nilizifumua suruali zake ili nizipunguze, ndugu wazivae. Kitambaa cha akiba hakikuwapo tena. Alikuwa amekimaliza chote.

Siku hizi mwanawe ndiye anayekaa kwenye kiti kile. Ni fundi hodari, kijana wa watu, mwenye utani wa baba yake. Wiki hii aliitupa suruali yake mapajani mwangu.

"Shangazi, nitanulie kidogo hapo kiunoni."

Ilinuka sigara. Nilimwambia yote: babu yake, baba yake mkubwa, baba yake, mishipa, chumvi, kiti hiki anachokikalia. Nilisema mpaka nikalia. Alisikiliza vizuri, akaniinamia kwa heshima.

"Nimekuelewa, Shangazi. Kesho nitakwenda kupima, bila shaka."

Nilimrudishia suruali yake, nikamwambia siifumui ng'o. Akacheka, akachukua wembe, akaifumua mwenyewe. Alipomaliza, chai yake ilikuwa haijapoa.