Ndugu Yangu Ameniua kwa Surua Kwenye Kitabu Chake

Admin, nifichie jina tafadhali, na ukiweka picha weka ya maua, maana Eldoret tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mjane, ninaishi Kapseret na ng'ombe wangu wawili. Najua wengi humu ni watoto wangu kwa umri, lakini msinicheke. Nina wivu, tena wivu wa kuninyima usingizi, na ninayemwonea huo wivu ni ndugu yangu mdogo.

Ameandika riwaya ya mambo ya zamani, ya miaka ile baada ya uhuru, wazungu walipokuwa wakiuza mashamba na watu wetu wakijiunga vikundi kuyanunua. Baba alikuwa kwenye kikundi kimoja kilichonunua shamba upande wa Moi's Bridge, ingawa siku hizo hapakuitwa hivyo. Shamba likapimwa vipande, na kwa kuwa kila mtu alitaka kipande chenye maji, wazee wa kamati waliandika namba kwenye vikaratasi wakavitia ndani ya kofia ambayo mzungu aliiacha stoo. Hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kuokota. Walisema mkono wa mtoto hauna tamaa, basi kila familia ilete mtoto wake.

Wengine walileta wavulana. Baba alinileta mimi, nikiwa na miaka minane, kwa sababu ndugu yangu alikuwa wa miaka miwili, amelala mgongoni kwa mama na kamasi zimemkaukia. Kofia ilinuka jasho na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikaingiza mkono, nikatoa kumi na saba. Mzee mmoja akapiga kelele, "Kumi na saba ndiyo ya mto!" Baba akaninyanyua juu mbele ya watu wote, na baba hakuwa mtu wa kubeba watoto. Kuanzia siku hiyo mpaka anakufa aliniita Mkono. "Mkono, niletee maji." "Mkono ameolewa, sasa tumebaki na nani?"

Hiyo ndiyo siku yangu, sina nyingine. Nilipomaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kufyeka shamba. Ndugu yangu akasoma mpaka chuo kikuu, na baba alipofariki shamba likawa lake, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeolewa. Sikudai kitu, ndivyo desturi ilivyokuwa.

Miaka miwili iliyopita alianza kunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. "Dada, siku ile baba alivaa nini? Mama alikuwa amepika nini? Kofia ilikuwa rangi gani?" Nilifurahi jamani. Nilifikiri uzee umemrudisha kwangu. Nilikuwa nakaa karibu na simu, chai iko mezani, nikamweleza kila kitu hata nikalia. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi uliopita akaniletea nakala. Nikavaa miwani nikasoma. Anayeokota kura ni mvulana. Dada yake anakufa kwa surua ukurasa wa thelathini na moja, kabla hata shamba halijapimwa. Na mwanzoni kabisa, kwenye neno la mwandishi, ameandika kwamba mvulana yule ni yeye mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ameandika vizuri. Mimi nina madaftari manne sandukuni, nimejaribu kuiandika siku hiyo sijui mara ngapi, na haijawahi kutoka hivyo. Ile harufu ya kofia ameiweka kama nilivyompa.

Nikampigia. "Umeniua na surua?"

"Si wewe, dada. Ni character tu. Hii ni novel, si mambo ya familia. Story inataka mtu mmoja wa kuishika mpaka mwisho."

"Na hilo neno la mwandishi, nalo ni novel?"

Akasema network ni mbaya, akakata.

Jumamosi hii kitabu kinazinduliwa mjini. Binti wa wachapishaji alinipigia kwa heshima nyingi. "Mama, ukiacha yeye, wewe ndiye umebaki peke yako kati ya wale walikuwa pale. Tutakuomba usimame, useme uliona ndugu yako akiokota ile namba." Nikakubali. Tangu hapo nimekuwa nikijiona nimesimama mbele ya watu nikimwaibisha, na kusema kweli ninafurahia, Mungu anisamehe.

Jana alikuja mwenyewe, na mkate na sukari, akakaa pale ninapokamulia. Nikamwambia nitasema ukweli. Nilitegemea akasirike. Alilia, mwanaume wa miaka sitini.

"Dada, unakumbuka baba alikuwa ananiita nani?"

Nikafikiria, nikakosa.

"Hakuniita kitu. Alisema tu 'wewe'. Hata hospitali, mimi ndiye nilikuwa naye, na alikuwa anauliza, 'Mkono amefika?' Shamba nilipata kwa sababu mimi ni mwanaume. Ni kwa hicho kitabu tu nimewahi kuona baba akininyanyua. Niachie hiyo moja."

Nilimhurumia, sitaficha. Nikampa na maziwa aende nayo. Lakini alipowasha gari kurudi kwake Elgon View, wivu ulinipanda upya, kuliko mwanzo. Ana shamba, ana elimu, ana kitabu, na sasa anataka ile siku moja ambayo mimi nilipendwa kuliko yeye. Nikinyamaza, zaidi yetu wawili hakuna aliye hai atakayejua ilikuwa yangu. Nikisema, nitamwachia nini cha baba?

Ninyi mnaosoma, hasa mlio na ndugu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Wakinipa kipaza sauti, niseme nilimwona nani akiokota?