Marehemu Wote wa Nyamiaga Walikuwa Wacheshi

Ukifia Nyamiaga, nami sikuombei haraka hiyo, utakuwa mcheshi. Hata kama watoto walikuwa wakikatiza mashambani ili wasipite mlangoni kwako, siku ya kuzikwa utakuwa mcheshi, mpenda watu na mshauri wa wengi. Maneno hayo yamo kwenye kompyuta ya Adelfina Ndizeye, na Adelfina ndiye anayetuandikia wasifu wa marehemu hapa kwetu.

Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Ngara, enzi za mashine zilizogonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Alipostaafu, binti yake Teddy akamletea kompyuta ya mezani kutoka Mwanza, pamoja na printa, ili mama apate kuona picha za wajukuu. Picha aliziona. Kisha akafa jirani mmoja, kamati ya mazishi ikatafuta mtu wa kuandika wasifu, na tangu hapo ile kompyuta haijapumzika.

Alivyofanya ni rahisi, na wewe usimcheke kabla hujasikia. Wasifu wa kwanza aliuandika kwa uchungu, kwa sababu yule jirani kweli alikuwa mcheshi. Wa pili ulikuja ghafla, akauchukua ule wa kwanza, akabadilisha jina, mwaka wa kuzaliwa na watoto walioachwa. Wa tatu hivyo hivyo. Hitilafu ilitokea mara moja tu: mzee mmoja, mtu na ndevu zake, alisomwa kuwa nguzo ya kikundi cha akina mama na kwamba ameacha mume. Waombolezaji waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika, na wageni wa mbali wakadhani ni kilio.

Basi akafa Bizimana.

Bizimana hakuwa mcheshi. Kila asubuhi alikagua mpaka wa shamba lake kana kwamba migomba ya jirani hutembea usiku. Kwenye sherehe za ubatizo alikuja na mrija wake mwenyewe wa kunywea pombe ya ndizi, ameuchomeka ndani ya koti, mrefu kuliko mirija yote ya mji ule. Wenzake waliponyonya hewa, wakidhani chungu kimekwisha, yeye alikuwa bado anaendelea kimya kimya. Watu walimsema, naye aliwasema, na hakuna aliyebaki anamdai mwenzake neno.

Mjane wake, Nyirabahizi, alikuja kwa Adelfina siku moja kabla ya mazishi. Alikataa chai, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mama Teddy," akasema, "mume wangu walimsema kila alikopita. Kesho naomba asomwe kama wengine. Yale maneno mazuri, yote, usipunguze hata moja."

Adelfina akamwahidi. Akaandika jioni ile ile, na maneno yote mazuri akayaacha mahali pake. Hakuchapa kwenye karatasi, kwa sababu anawajua watu wake: asubuhi ya mazishi lazima aje mtu kulalamika kwamba mjukuu fulani amesahaulika.

Na kweli asubuhi walikuja, wakaongeza majina mawili, wakaenda zao. Sasa ilibaki kuchapa tu. Hapo ndipo kompyuta ilipouliza swali lake. Ilikuwa ikimwuliza kila asubuhi kwa muda mrefu, kwa adabu sana: toleo jipya la mfumo liko tayari, tuliweke sasa au baadaye? Na Adelfina kila asubuhi alijibu baadaye, akiona haya kidogo, maana kwetu mtu akikuomba kwa upole mara nyingi hivyo unaanza kujiona wewe ndiye mbaya. Zaidi ya hayo, jirani yake Mwanaisha, mwenye duka la vitenge na mwenye intaneti ambayo Adelfina huitumia, alikuwa amejisifu wiki nzima kwamba kompyuta yake tangu apigiwe windo mpya, yaani huo mfumo mpya, inatoa herufi nzuri kama za kadi ya harusi.

Adelfina akamfikiria Nyirabahizi. Akasema moyoni, huyu mama ameomba uzuri, basi aupate wote. Akabonyeza sasa. Akaenda kuchemsha chai, akijua kwamba chai ikiiva na kompyuta itakuwa imemaliza.

Chai iliiva, ikanyweka, ikapoa iliyobaki. Kwenye kioo palikuwa na duara la vidoti vinavyokimbizana, na maneno yanayosema usizime kompyuta yako. Asilimia zilipanda kama mzee anayepanda mlima na mzigo: hatua moja, kisha kusimama kutazama alikotoka. Na umeme, ambao siku nyingine hukatika bila mtu kuuomba, siku hiyo ulikaa imara kama umelipwa.

Mwanaisha aliitwa. Alikuja na mtandio wake wa msibani tayari, akatazama kioo, akatingisha kichwa.

"Dada Adelfina, hii ilikuwa ya kubonyeza leo?"

"Wewe si ndiye uliyenisifia herufi?"

"Nilikusifia herufi, sikukutuma uzibonyeze na maiti iko ndani." Akavuta kiti, wakatazama pamoja. "Ndiyo maana sisi Waislamu tunazika mapema. Kompyuta inakuta tumeshatawanyika."

Adelfina akauliza kama wakichomoa waya itakuwaje. Mwanaisha akasema kwamba wakichomoa, basi watakuwa na misiba miwili, na wa pili hautakuwa na mtu wa kuuandikia wasifu.

Kwa hiyo Adelfina akachukua kalamu. Usifikiri kwamba maneno hakuyajua. Ameyasoma makaburini hadi hata mbuzi wa Nyamiaga wanayajua. Akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, watoto, na wale wajukuu wawili. Alipofika kwenye mcheshi, kalamu ikasimama. Miaka yote ile, mashine ndiyo iliyokuwa ikisema. Yeye alibadilisha majina tu. Sasa ulikuwa mkono wake, na mkono ule ulimjua Bizimana. Akajaribu mpenda watu. Mkono ukagoma.

Audax, katibu wa kamati ya mazishi, akapiga simu kusema padre amefika. Huyu Audax ni bwana nadhifu, msibani hubeba mwavuli na kipaza sauti, na jembe huliona kwa mbali. Adelfina akaondoka na karatasi yenye majina na nafasi tupu. Nyuma yake vidoti viliendelea kukimbizana.

Kaburini akasoma majina. Kisha akafika kwenye nafasi tupu. Watu wakasubiri ucheshi uje, kama inavyosubiriwa amina. Nyirabahizi alikuwa mbele, macho yake kwenye karatasi ile.

Adelfina akakunja karatasi. Alipoanza tena kusema, hakusema Kiswahili. Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kilimtoka chenyewe.

"Huyu mzee alikuwa mgumu," akasema. "Nilipokuwa na uchungu wa Teddy, gari halikuwepo. Walinibeba kwenye ngobyi, ile machela yetu ya mabegani, mpaka hospitali, na yeye alishika mbele. Alinitukana njia nzima. Aliniambia mimi ni mzito kuliko ng'ombe wa mahari, na kwamba mume wangu alipaswa kutozwa ng'ombe wa ziada. Wenzake walipokezana. Yeye bega lake hakulitoa."

Mama mmoja kule nyuma akasema kwamba hata yeye alibebwa na kutukanwa, na kwamba yeye aliambiwa gunia la kahawa lingeshukuru zaidi. Mzee mwingine akanyoosha fimbo juu, kumaanisha na mimi pia.

Lakini Adelfina hakuwasikiliza hao. Alikuwa amemwahidi mtu maneno mazuri, na hakusema hata moja. Akamtazama Nyirabahizi, akingoja kilio, au vibaya zaidi, akingoja ainuke aondoke.

"Na mrija, Mama Teddy?" akasema mjane. "Mbona umeuruka mrija?"

Mabega ya watu yakaanza kutikisika, na safari hii hata wageni hawakudanganyika. Nyirabahizi mwenyewe alicheka hadi akashikiliwa pande mbili. Mrija ukaelezwa wote, urefu wake na kazi yake, na padre alilazimika kusubiri kidogo kabla ya sala ya mwisho, akitengeneza miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Adelfina aliporudi nyumbani, kompyuta ilikuwa imemaliza. Ilimkaribisha kwa picha ya maua, ikamhakikishia kwamba kila kitu kiko pale pale alipokiacha. Na kweli kilikuwepo. Mcheshi, mpenda watu, mshauri wa wengi, kwa herufi za kadi ya harusi.

Siku chache baadaye Nyirabahizi alikuja kuomba achapiwe ule wasifu wa kompyuta. Adelfina akashangaa, akamwuliza kama hakuridhika na ule wa kaburini.

"Ule ni wangu," akasema mjane, na chai safari hii akaipokea. "Huu nataka kuuweka ukutani. Wageni nao wapate kitu."

Aliyenifurahisha mimi ni Audax. Alifika baada ya wiki, akafunga mwavuli, akasalimia kirefu mno, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba siku yake ikifika angependa Adelfina atumie kompyuta.

"Nitatumia," Adelfina akamwambia. "Lakini ikigoma tena, Audax, niwaambie watu nini juu yako?"

Audax akafikiri. Akaanza kusema kuhusu kipaza sauti, akaacha. Akatazama mwavuli. Akaaga bila kumaliza chai.

Msiba uliofuata ulikuwa wa bibi mmoja upande wa Bugarama. Tulipofika tulimkuta Audax ndani ya kaburi hadi kiunoni, shati limelowa jasho, anatupa udongo juu bila kumpa mtu zamu. Kila baada ya koleo kadhaa alikuwa akiinua kichwa, kutazama kama Adelfina ameshafika.