Kipande cha Mafuta ya Mama

Dawa ya mbu iliyopulizwa kwenye kuta za nyumba yetu ya Kiembe Samaki ilikutwa ndani ya mafuta ya mwili wa mama, wakati kuta zenyewe zilishapigwa chokaa mara kadhaa na sisi tulishaisahau.

Wapuliziaji walikuja katikati ya miaka ya themanini, mdogo wangu wa kike akiwa bado ananyonya. Tulitoa vyombo uani, wakapuliza DDT ndani, na mama akawashukuru, kwa sababu homa zilipungua na kunguni wakapotea. Kuta zilipokauka alifagia, akatandika mikeka.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alipasuliwa kutolewa mawe ya nyongo. Kabla ya hapo daktari mmoja wa kike alimwamkia, akamwomba kipande cha mafuta ya tumbo, kama punje ya kunde, kikapimwe DDT. Sumu kama ile, alieleza, haitoki upesi mwilini. Hukaa kwenye mafuta na huenda ikayaharibu taratibu. Mama akamuuliza kama ni vile mafuta ya nazi yanavyogeuka harufu yakiachwa wazi. Daktari akasema ni karibu na hivyo: hewa tunayovuta ina kitu kinachounguza chembe za mwili, na sumu hukizidishia nguvu.

Mama alikubali kwa sharti moja. "Kitakachobaki mnirejeshee. Kitu cha mwili wangu hakitupwi jaani, kinazikwa."

Daktari alitimiza ahadi. Alileta kichupa nyumbani, na majibu: DDT ilikuwemo, ila imemdhuru kiasi gani hakuweza kusema. Mama hakuuliza habari zake mwenyewe, aliuliza habari za maziwa aliyotunyonyesha. Daktari hakumficha. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa, lakini kunyonyesha bado ni bora kuliko kuacha.

Mdogo wangu, mwenye maneno kuliko sote, alikuwa mjamzito. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mama, wangu nimnyonyeshe?"

"Mnyonyeshe. Wewe nlikunyonyesha mpaka ukaacha mwenyewe, na ulimi wako haujapata hitilafu."

Tukacheka, daktari pia. Kisha mama akamwomba, kwa utulivu ambao mpaka leo nauonea wivu, apime na maziwa ya binti yake. Kipande tulikifunga kitambaa cheupe, tukakizika uani, chini ya mti wa mlangilangi.

Mtoto alipozaliwa, maziwa yalikamuliwa yakapelekwa kwa daktari. Sasa mtoto huyo anasoma chuo cha Kurani, na jibu bado hatujalipata.