Kuku na Mguu wa Awadhi

Swaumu binti Shaibu wa Lionja hakuwahi kuuona mpira ukichezwa hata siku moja, lakini miguu ya wachezaji wa Nachingwea aliijua kuliko mama zao walivyoijua. Kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Aliirithi kwa mama yake, pamoja na shamba la ufuta na ulimi usioogopa mtu.

Dawa yake ilikwenda na kuku. Mgonjwa akiletwa, ndugu zake walikuja na kuku. Swaumu alimvunja kuku mguu uleule, akawafunga wote wawili vibanzi vya mwanzi na majani yaleyale, akawalaza chumba kimoja. Siku kuku akikanyaga bila kuchechemea, ndipo mgonjwa naye husimama. Kabla ya hapo, hata aje liwali, hainuki mtu.

Mwaka 1951, mradi wa karanga ukikata roho, kilibaki nje ya mji chuo kidogo cha mafundi wa matrekta, na wanafunzi wake walikuwa na timu. Beki wao Gaudens alipovunjika, wenzake walimbeba kwenye kitanda cha kamba kutoka Nachingwea hadi Lionja, wakipokezana mabega. Kila Jumapili walirudi wakampalilia Swaumu ufuta, maana yeye hakupokea kitu mpaka mgonjwa atembee. Gaudens alilala siku arobaini na tatu, wala hakuna aliyemwuliza atarudi lini. Siku hizi anapanda mapaa ya watu kupiga bati.

Baada ya miaka miwili wafanyabiashara wa mjini wakaipenda timu ile, wakaamua kila anayecheza apewe shilingi tano kwa mechi. Swaumu aliposikia alifurahi. Mtoto wa mtu anavuja jasho, watu wanapiga makofi na kuuza chai, kwa nini yeye arudi mikono mitupu? Mchumia juani hulia kivulini, alisema. Tena alidhani mguu ukishalipiwa utatunzwa zaidi, kama vile mtu anavyomtunza ng'ombe wa kununua. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo analijutia mpaka leo.

Awadhi alikuwa winga, mtoto wa pekee wa mjane Mwanawetu wa Matambarale. Aliumia kwenye mechi na timu ya Ruangwa, mfupa wa ugoko ukapasuka. Safari hii hapakuwa na kitanda wala mabega. Lori la chuo lilimshusha kwa Swaumu, likageuza. Jumapili ya kwanza Swaumu aliwapikia vijana mihogo, akangoja, hakuja hata mmoja. Baadaye aliambiwa kwamba wako mazoezini, na kwamba nafasi ya Awadhi wanaigombania watatu. Mihogo aliila yeye na mgonjwa wake, kwa hasira.

Mwanawetu alikuwa ameleta tetea mwekundu siku ileile mwanawe alipoumia. Swaumu alifanya yake. Siku ya kumi na sita kuku alikuwa bado anakunja mguu tumboni kila akijaribu kusimama, na siku hiyo lori likarudi. Alishuka Bwana Felisian, mwalimu wa michezo, amevaa kaptula iliyopigwa pasi. Jumamosi wanarudiana na Ruangwa, alieleza, na wenye fedha wanamtaka Awadhi. Walikuwa wamempa shilingi zake hata kwa mechi aliyolala. Asingeweza kula na kulala tu.

Swaumu alimwonyesha kuku pembeni.

"Mwalimu, muulize huyu kwanza. Akikanyaga yeye, mwanao nitakuletea mwenyewe kwa miguu yangu."

Bwana Felisian alicheka, akasema mambo ya kuku ni ya zamani, atamfunga kitambaa kigumu. Swaumu akamgeukia Awadhi, akamsihi kwa Kimwera na kwa Kiswahili, akamwambia mguu haujui Jumamosi. Kijana aliinamisha kichwa. Zile shilingi zilikuwa zimeshanunua bati la nyumba ya mama yake.

"Bibi, wameshanilipa," alisema.

Vibanzi vikafunguliwa mbele ya macho ya aliyevifunga. Swaumu alitamani kuwapiga wote wawili kwa mwiko.

Jumamosi Awadhi alicheza muda usiofika nusu saa. Mfupa ulivunjika palepale, safari hii ukatoboa ngozi. Bwana mganga wa hospitali ya mjini alifanya aliloweza, lakini goti likakataa kukunja na mguu ukawa mfupi. Mwanawetu alipokwenda chuoni kuuliza mwanawe atasaidiwaje, aliambiwa kwa upole kwamba fidia ni ya wafanyakazi, na Awadhi si mfanyakazi, ni mwanafunzi. Juma lililofuata hata uanafunzi aliondolewa, maana fundi wa matrekta lazima ainame.

Hebu mtu mzima aelewe hilo! Kwenye kitanda cha Swaumu alikuwa mtu wa kulipwa, hana ruhusa ya kuumwa. Mfupa ulipotoka nje akawa mtoto wa shule. Gaudens, ambaye hakulipwa senti, alipewa siku arobaini na tatu na ufuta ukapaliliwa. Awadhi alichumia juani kweli, kivuli wakakikata kwa shoka.

Siku ya thelathini na nne kuku alikanyaga. Swaumu alimtazama asubuhi nzima akizunguka uani, kisha akamtia kwenye tenga, akatembea hadi Nachingwea. Aliingia ofisini kwa Bwana Felisian bila kubisha hodi, akamweka kuku juu ya meza. Kuku alipita juu ya makaratasi yake, hatua moja baada ya nyingine, bila kuchechemea hata kidogo.

"Huyu alivunjika siku moja na Awadhi," Swaumu alisema. "Huyu hakulipwa na mtu, ndiyo maana aliachwa apone."

Swaumu alimrudisha kuku tengani, akashika njia ya Matambarale, maana kuku wa mgonjwa ni wa nyumba ya mgonjwa. Yupo huko mpaka leo, ana vifaranga saba, na ana mbio za ajabu. Akiingia kwenye ufuta wa nyumba hiyo, Awadhi humtupia maneno tu akiwa ameketi mlangoni, na mama yake ndiye anayeinuka kumkimbiza.